Kilwa ya ziwa Mweru: je, tupeleke sanduku letu kule?

 

Juma hili hatutaandika juu ya bei ya makala wala juu ya mafua ya watoto. Tutaandika juu ya sanduku letu la likelemba. Ndani yake muna dola 1,450. Mbele ya tajiri ni hesabu ndogo, lakini kila mmoja wetu anajua feza ile ilitoka wapi: katika bukari iliyouzwa kando ya barabara, katika sombe ya soko la Katuba, katika nguo zilizoshonwa usiku wa manane juu umeme ulirudi saa ile. Na kila mmoja anajua itaenda wapi mwezi wa 9: kwa watoto walio katika sekondari.

Mwezi uliopita mmoja wa kikundi chetu alileta habari. Kuna mtu anauzisha kiwanja kando ya ziwa, pale Kilwa. Anaomba dola 1,000 za kwanza mbele ya mwisho wa mwezi. Alituambia wageni watakuja, barabara itatengenezwa, bei ya udongo itapanda, na yule atakayechelewa atalia. Wengine walipiga makofi. Wengine walinyamaza. Kisha mama mmoja akauliza: "Kilwa gani? Ile ya Tanzania?"

Swali lake lilikuwa la haki. Ukisema Kilwa, dunia inafikiri Kilwa Kisiwani, mji wa zamani wa mawe kwenye Bahari ya Hindi, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka wa 1981. Kilwa yetu haina majumba ya masultani. Iko hapa hapa katika jimbo letu la Haut-Katanga, teritware ya Pweto, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa Mweru, karibu kilomita 350 kutoka Lubumbashi. Mbele yake, ndani ya maji, kuna kisiwa kinachoitwa pia Kilwa, lakini kile ni cha Zambia. Wengi wetu tumezaliwa Lubumbashi, tumekula samaki wa ziwa hilo tangu tuote meno, na hatujaliona hata siku moja.

Kusikia si kuona. Tulichagua watu wanne, tukachanga nauli mbali na sanduku, tukaenda. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Safari yenyewe

Tulipanda kamyo juu ya mizigo, pamoja na magunia ya unga, mafuta na sabuni. Tulitoka jua halijapanda na tulifika siku ya pili. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo tulikula vumbi. Wakati wa mvua, dereva alituambia, mtu anaweza kulala njiani siku nyingi akingoja kamyo iliyozama itolewe. Andikeni jambo hili la kwanza: yule anayesema "Kilwa ni karibu" hajasukuma gari kwenye matope.

Lakini njia ile ina uzuri wake. Upande mmoja unaona uwanda wa juu wa Kundelungu. Kule kuna mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka wa 1970, na ndani yake maporomoko ya Lofoi, ambapo maji yanaanguka mita zaidi ya 300 bila kugusa jiwe. Ni kati ya maporomoko marefu ya Afrika, na sisi wenye nchi tunayaona katika kalenda tu.

Asubuhi kwenye ziwa

Tulilala nyumbani kwa mjane mmoja ndugu ya jirani yetu, juu ya mikeka, na asubuhi alituamsha mapema: "Yaya, amukeni, muone mitumbwi inarudi."

Wamama, hatuna maneno ya kutosha. Kwa sababu Kilwa iko magharibi, jua linatoka ndani ya maji, upande wa Zambia. Maji yanakuwa mekundu, kisha ya manjano, kisha meupe. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 5,000, huoni ng'ambo. Luapula inaingia kwa kusini na maji yanatoka kwa kaskazini, pale Pweto, yakiitwa Luvua, mpaka yakutane na Lualaba. Kwa hiyo maji yale tuliyonawa uso asubuhi ile yanaenda mpaka Kisangani, mpaka Kinshasa, mpaka Boma.

Mitumbwi ilirudi na taa zake. Samaki wadogo wale tunaowaita fretini wanavuliwa usiku: mvuvi anawasha taa, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unapandishwa. Zamani walitumia taa za mafuta, leo nyingi ni taa za batri. Wanaume wanavua, lakini mtumbwi ukigusa mchanga, kazi inakuwa ya wanamke. Wao wananunua, wanakausha, wanajaza magunia, wanagombana na madereva, wanapoteza ao wanapata.

Tulimkuta mama mmoja mzee akimwaga samaki wake juu ya mchanga. Tulimwamkia, tukamwita mama mkubwa. Alitutazama viatu, akacheka.

"Mumetoka Lubumbashi. Munakuja kutazama ziwa, ao munakuja kununua ziwa?"

Tulimwambia ukweli: hatujui bado.

"Wengi wanakuja kununua," alisema. "Hakuna anayekuja kuuliza sisi tunapotezea wapi."

Basi tukamuuliza. Alituonyesha kwa kidole. Samaki anayekaushwa chini anachukua mchanga, na mnunuzi wa mjini anashusha bei. Mvua ikinyesha ghafla, kazi yote ya usiku inaoza kwa siku moja. Samaki mkubwa hana barafu, kwa hiyo mama anamwuzisha saa ile ile kwa bei ya huruma, ao anamchoma kwa kuni ambazo nazo zimekuwa mbali. Na mwenye kamyo anajua kama mama hana pahali pa kungojea, kwa hiyo yeye ndiye anayesema bei ya usafiri.

Tulisimama pale tukijiuliza: ikiwa ndivyo ilivyo, sisi huku mjini tunakula samaki wa nani? Mara nyingi tunakula tomsoni, aliyegandishwa katika barafu ya meli, aliyetoka baharini mbali kabisa, kwenye pwani ya Namibia. Samaki wa bahari ya mbali anafika Kenya na Ruashi akiwa mzima, na samaki wa ziwa letu anaozea njiani.

Samaki wanaweza kwisha

Kuna jambo ambalo muuza kiwanja hakulisema. Ziwa si kisima kisicho na mwisho. Wazee wa Kasenga, kwenye Luapula, wanajua habari ya pumbu. Ni samaki aliyekuwa akipanda mto kila mwaka wakati wa mvua ili atage mayai. Wakati wa Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walijenga kazi kubwa pale Kasenga, wakileta samaki na barafu mpaka Elisabethville ili kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu ziliwekwa katika mto, pumbu akakamatwa pamoja na mayai yake. Mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha kiasi kwamba kazi haikurudi tena kama zamani. Kisha watu walitegemea samaki wengine, na sasa wengi wanategemea fretini.

Ndiyo maana Zambia inafunga uvuvi kila mwaka tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, ili samaki wazae. Ziwa ni moja. Samaki hajui mpaka. Mtu anayetaka kuweka feza katika samaki, inaomba ahesabu miezi ile kuwa miezi bila kuvua. Akihesabu miezi 12 ya faida, anajidanganya.

Je, wageni watakuja?

Tuliulizana jambo hili usiku, chini ya chandarua. Juu ya chandarua, musicheke: malaria ya ziwa ni kali, na mgeni asiye na chandarua atarudi nyumbani na homa, kisha atasema vibaya juu ya Kilwa mpaka kufa.

Vitu vya kuonyesha viko. Tumesema juu ya jua na juu ya Lofoi. Kuna pia historia. Livingstone alifika kwenye ziwa hili mwezi wa 11 wa mwaka 1867. Ukipanda ukingo huu kuelekea kaskazini, kuna Luanza, kijiji kilicho juu ya mlima mdogo unaotazama maji. Pale ndipo Dan Crawford, mmisionari kutoka Scotland, alijenga misheni mwishoni mwa karne ya 19, kisha kuanguka kwa Msiri wa Bunkeya. Watu walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Alikufa pale pale Luanza mwaka wa 1926, na Biblia aliyotafsiri katika Kisanga inajulikana na wazee wetu wengi. Makanisa mangapi ya Lubumbashi yanaweza kupeleka kwaya yao pahali kama pale?

Ng'ambo ya maji, Wazambia wametutangulia. Kila mwaka mwisho wa mwezi wa 7, pale Mwansabombwe, Mwata Kazembe wa Walunda anacheza ngoma ya Mutomboko, na watu maelfu wanakuja, hata wakubwa wa serikali. Wageni wale wanakula, wanalala, wananunua vikapu. Historia ya Walunda ilitoka upande wetu, lakini nyumba za wageni ziko upande wao, kwa sababu upande wao kuna lami.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Wageni wa kwanza wa Kilwa hawatakuwa Wazungu wenye kamera. Watakuwa sisi: familia ya Lubumbashi yenye siku tatu za kupumzika, kwaya, wanafunzi na mwalimu wao wa jiografia, wafanyakazi wa kampuni. Wanaomba vitu vidogo: choo safi, maji ya kuoga, chandarua, samaki wa kukaanga na bukari ya moto, na mtu wa kuaminika wa kuwaambia pahali ambapo mamba hawapiti. Ziwa linabadilika haraka, upepo ukipanda mawimbi yanapindua mtumbwi; hakuna mgeni atakayepanda mtumbwi wetu bila koti la kuelea.

Na wageni hao hawatakuja wengi mpaka barabara iwe nzuri. Serikali ya Kongo na ya Zambia walikubaliana juu ya barabara ya Kasomeno mpaka Mwenda, na daraja juu ya Luapula. Ikimalizika itasogeza biashara upande huu wa jimbo. Lakini mradi ulioandikwa bado haubebi kamyo. Tusilipe leo bei ya lami ya kesho.

Jambo ambalo halisemwi kwa sauti

Kabla ya kuondoka, mwenyeji wetu alitupeleka pahali, akasimama kimya. Sisi tulielewa.

Mwezi wa 10 wa mwaka 2004, kikundi kidogo cha watu wenye silaha kiliingia Kilwa. Jeshi likaja kurudisha mji, na raia wengi wakauawa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya watu 70. Wakati ule, mgodi wa Dikulushi, karibu kilomita 50 kutoka pale, ulikuwa ukichimbwa, na madini yake yalivuka ziwa kwa baji kutoka Kilwa kwenda Zambia. Magari ya kampuni ya mgodi yalitumiwa na jeshi. Kesi ililetwa mbele ya mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi, na mwaka wa 2007 hakuna aliyehukumiwa juu ya mauaji ya Kilwa. Mwaka wa 2017, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema Serikali iwalipe fidia watu walioumizwa.

Tunaandika haya kwa sababu neno "muwekezaji" linapotamkwa Kilwa, watu hawasikii kama sisi tunavyosikia. Wao walikwisha kuona feza kubwa ikipita mbele ya mlango wao, ikavuka maji, na kile kilichobaki kwao ni makaburi. Yule atakayeenda pale na kikundi cha wageni, aanze kwa kusalimia. Na yule atakayeenda na feza, aulizwe kwanza: mwaka wa tano, nani wa Kilwa atakuwa amekula kutoka katika feza hii?

Kiwanja sasa

Tulikiona kiwanja. Ni kizuri, hatutasema uongo. Kuna mti mkubwa na maji yako hatua chache. Muuzaji alituonyesha barua yenye muhuri wa chefu. Tuliomba kuona karatasi nyingine, hakuwa nayo.

Wamama, mujue sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia kwa mkataba, na haki hiyo inaonyeshwa na certificat d'enregistrement. Barua ya chefu ni heshima na ni mwanzo, lakini kama inabaki peke yake, kesho mtu mwingine anaweza kuja na barua nyingine. Tena, ukingo wa ziwa ni pahali ambapo inaomba kuuliza mara mbili kwa ofisi ya ardhi kabla ya kuweka hata tofali moja. Tuliuliza majirani wa kiwanja pia. Mmoja wao alisema: "Hapo ndipo tunapokaushia samaki." Jibu lile lilitukata miguu. Kununua pahali pale kulikuwa kumfukuza mama mkubwa kwenye mchanga wake.

Na kuna habari njema ya sheria. Mmoja wetu aliogopa kama mume wake hatakubali kuweka sahihi. Zamani, katika Kodi ya Familia ya mwaka 1987, mwanamke aliyeolewa aliomba ruhusa ya mume. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka wa 2016 iliondoa jambo hilo. Mwanamke anaweza kuweka sahihi yake mwenyewe. Kuzungumza nyumbani ni hekima na ni amani, lakini hakuna mtu atakayetuambia ofisini "leta baba kwanza."

Kile tunacholeta mbele yenu

Sisi wanne hatukubaliani kila kitu. Mmoja wetu bado anasema tukichelewa, matajiri watachukua ukingo wote, na sisi tutabaki kuwa wapishi wao. Ana haki ya kuogopa. Mambo kama hayo tumeyaona hata katika mji wetu. Lakini sote wanne tunakubali kwamba kiwanja hiki, kwa karatasi hizi, hatukinunui.

Pahali pake tunapendekeza jambo dogo zaidi. Tuchukue dola 700 tu. Dola 150, tutengeneze pamoja na wamama wa pale vitanda vya miti na nyavu, samaki wakauke juu, mbali na mchanga, na waweze kufunikwa mvua ikinyesha. Dola 400, tununue fretini safi kutoka kwao kwa bei tuliyopatana mbele ya wote. Dola 150, tulipe usafiri wa magunia. Tuuzishe hapa, katika Kenya, Katuba na Ruashi, tukiwaambia wanunuzi kama samaki hawa hawana mchanga. Dola 750 zitabaki katika sanduku, na watoto wa sekondari hawatalala na wasiwasi. Tufanye mara moja kabla ya mwezi wa 12. Tukipoteza, tutajua tulipotezea wapi. Tukipata, mwaka ujao tutazungumza juu ya sola na barafu, na kisha juu ya vyumba viwili vya wageni katika nyumba ya mjane wetu, ambaye ana nyumba, ana maji, na anapika vizuri kushinda wote tunaowajua.

Mama mkubwa tulimwuliza kama atakubali kazi ya vitanda. Alisema: "Mukirudi, nitaamini." Hatukuwa na jibu lingine ila kumshika mkono.

Siku ya posho, saa nane, tutakusanyika pahali petu pa kawaida. Kila mmoja atapiga kura kwa karatasi, si kwa mkono, ili mtu asiogope macho ya mwenzake. Yule aliyeleta habari ya kiwanja tunamwomba aje, na asione haya. Bila yeye tusingeliona ziwa. Mulete daftari zenu, mulete viti. Gunia moja la fretini tulilorudi nalo litagawanywa kwa vikombe, ili kila mmoja aonje kabla ya kukata shauri. Wanaotoka wale waliokaushwa chini, muoshe mara tatu.